Msimbo Mmoja, Maradhi Mawili: Uhakiki wa Uandikishaji wa Kaswende Inayoathiri Figo Jijini Kampala

Katika toleo la kumi la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, ugonjwa wa vichujio vya figo unaotokana na kaswende huandikwa kwa misimbo miwili inayoshikana. A52.7, yenye alama ya jambia, hutaja chanzo, N08.0, yenye alama ya nyota, hutaja kiungo kilichoathirika. Kanuni ni kwamba msimbo wa nyota hausimami peke yake. Utaratibu huu unaonekana kuwa timamu hadi msomaji aulize A52 ni kundi gani. Ni kundi la kaswende ya baadaye.

Hapo ndipo penye kasoro. Tabibu anayeijua kaswende hutarajia figo ziathirike zaidi katika hatua ya pili, wiki au miezi michache baada ya maambukizi, wakati mgonjwa bado ana vipele mwilini. Kingamwili na chembe za vimelea hunasa kwenye vichujio, protini huvuja katika mkojo, na uso na miguu huvimba. Hiyo ni kaswende ya awali. Karani anayelifuata ainisho kwa uaminifu ataiandika kuwa ya baadaye. Anayemfuata daktari ataandika A51.4, yaani kaswende nyingine ya hatua ya pili, na figo zitatoweka katika msimbo mkuu. Utii wa aina zote mbili unazaa upotoshaji.

Upotoshaji huo una gharama. Kaswende ya awali hutibiwa kwa dozi moja ya benzathini penisilini ya yuniti milioni 2.4, ya baadaye huhitaji dozi tatu, kila wiki moja. Tena, kaswende ya awali ina maana kwamba maambukizi ni ya karibuni na mwenzi wa mgonjwa anapaswa kutafutwa sasa. Takwimu zinazoisukuma hatua ya pili hadi kwenye kundi la baadaye humwambia mpangaji wa sera kwamba moto ulizimika zamani, ilhali bado unawaka.

Mshauri anaweza kudhani kwamba dawa ya kasoro hii ni msimbo mrefu zaidi. Toleo la Marekani la ainisho hilohilo lina A52.75, kaswende ya figo na mirija ya mkojo. Tarakimu imeongezeka, lakini kundi ni lilelile la A52.

Kampala imewahi kulipa gharama ya kuandika kaswende vibaya. Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza aliyefika Uganda mwaka 1907, aliripoti kwamba sehemu kubwa ya Waganda walikuwa na kaswende, na ripoti yake ikajenga sera nzima ya matibabu na ya usimamizi wa maadili. Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Mwaka 1956 J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Kampala, aliipitia upya historia hiyo na kuonyesha jinsi maradhi yasiyoambukizwa kwa kujamiiana yalivyoweza kuhesabiwa kuwa kaswende ya zinaa. Vipimo vya damu havitofautishi buba na kaswende hata leo. Idadi kubwa ilitokana na jina kubwa mno. Leo hatari ni kinyume chake, idadi ndogo itokanayo na jina lisilopata mahali pa kuandikwa.

Mji huohuo unatoa pia mfano mwema. Mwaka 1967 Kibukamusoke, Hutt na Wilks walionyesha uhusiano kati ya kuvimba mwili kwa sababu ya figo na malaria ya kwatani. Walifaulu kwa kuwa slaidi ya damu na kipande cha figo kilichochunguzwa kwa darubini vilisomwa pamoja, kwa mgonjwa mmoja. Kaswende ya figo inadai kitu hichohicho: jibu la maabara na jibu la mkojo vikutane kwenye jalada moja.

Mfumo wa sasa wa taarifa za afya nchini haukuundwa kwa kukutanisha huko. Fomu ya 105 ya wagonjwa wa nje na ya 108 ya waliolazwa hujumlisha utambuzi kwa mwezi, na tangu 2012 jumla hizo huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Jumla hazina mtu ndani yake. Mama aliyepimwa kaswende kliniki ya wajawazito na mwanamke aliyelazwa kwa kuvimba miguu wanaweza kuwa mtu mmoja, na fomu isijue. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta takriban asilimia 2 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 64 wakiwa na kaswende hai. Katika kundi la ukubwa huo, ugonjwa wa figo unaoponywa kwa penisilini haustahili kuachwa hadi mgonjwa afikishwe kwenye mashine ya kusafisha damu Kiruddu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mgonjwa husema kabotongo. Daktari huandika Kiingereza. Na sasa, baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wapo watakaotafsiri orodha za misimbo. Wasiandike "kaswende ya figo", kana kwamba kimelea kimefanya makazi humo. "Ugonjwa wa figo utokanao na kaswende" ni jina refu zaidi, lakini linahifadhi uhusiano ambao jambia na nyota vilikusudiwa kuuhifadhi.

Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika Januari 2022, linaruhusu misimbo kuunganishwa kwa mkwaju, hivyo kaswende ya awali inaweza kufungwa na ugonjwa wa vichujio bila kubadilishwa hatua. Kabla Uganda haijahamia huko kikamilifu, jalada la kila mgonjwa mwenye protini nyingi katika mkojo lingeweza kuongezewa mistari miwili: jibu la kipimo cha RPR pamoja na kiwango chake, na hatua ya kaswende kwa maneno ya daktari mwenyewe, kabla karani hajagusa msimbo.