Mtunzi Anapojisemea

Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, aliandika dibaji kuutetea utunzi usiofungwa na vina wala mizani. Alitaka ushairi uirudie lugha ya watu ya kila siku. Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili. Wanachuo waliojaribu kumwiga niliwakata alama, ilhali dibaji yenyewe sikuwa nimeisoma.

Nilikuja kuisoma baada ya kustaafu, nikaona haya. Hoja yake ni nzito, na mashairi yanaithibitisha: mtu anazungumza nawe kama mlioketi barazani, mara unahisi umechomwa. Lakini hoja hiyo haiwezi kuvibeba vitabu vyake vyote. Mwandishi huyohuyo, aliyeanza na Rosa Mistika (1971) kwa lugha nyepesi kabisa, alituletea Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya nyembamba zilizojaa ndoto na mafumbo. Lugha ya kila siku iko wapi humo? Nagona nimeirudia mara tatu. Naipenda, ila naipenda kinyume cha dibaji ile. Nadhani mwenyewe alikwisha kuiacha nyuma.

Wawili kati ya wanachuo wale bado hunitembelea. Hakuna anayetunga.