Dawa Isiyonyweka: Istilahi za Usafi Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Tumeyapitia maelekezo ya usafi wa nyumbani yaliyotolewa kwa umma wakati wa kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, na mengine ya wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020. Kiswahili chake kwa jumla ni safi. Kasoro yake kubwa ni moja: neno dawa limetwishwa mzigo usiolistahili.

Tutaambiwa kwamba Waswahili wana dawa ya viatu na dawa ya mbu, wala hakuna aliyezinywa. Ni kweli. Lakini dawa ya viatu haigawiwi na bwana afya siku ambazo watu wanazikana. Wakati wa kipindupindu nyumba moja huweza kupokea vitu viwili: dawa ya maji, ambayo hutiwa kwa kipimo kidogo katika maji ya kunywa, na maji makali ya kupangusia sakafu na choo. Vyote viwili huitwa dawa. Pengine vyote huitwa klorini. Kwa mkemia hilo si kosa, maana vyote huweza kuwa haipokloraiti ya sodiamu. Kwa mama mwenye mtoto anayehara, tofauti ya vitu hivyo ni uhai wa mtoto. Tungependa dawa libaki kwa kile kinachoingia mwilini, na hicho kingine kiitwe kiuaviini. Wapo wafasiri wanaopendelea kipukusi; ni neno zuri, ila kiuaviini hujieleza lenyewe kwa asiye na kamusi.

Neno la pili ni changanya. Mstari mmoja humwamuru msomaji achanganye jiki na maji, na mstari wa chini yake humkataza kuchanganya. Katazo hilo ndilo lenye uzito. Jiki ikikutana na kisafishio cha choo chenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya visafishio vya vioo, hutoa kloramini. Zote mbili huunguza mapafu. Basi kwa nini kitenzi kimoja kitumike kwa lililo salama na kwa lenye sumu? Tunacho kitenzi zimua, nacho hakikutungwa na kamati yoyote: hupunguza ukali wa kitu kwa maji. Tungeandika: “Zimua kwa maji baridi, usichanganye na kitu kingine chochote.”

Jiki lenyewe ni jina la biashara lililogeuka nomino ya kawaida. Hatuna ugomvi nalo, mradi mwandishi ataje nguvu yake. Yenye asilimia 3.5 huzimuliwa fungu 1 kwa mafungu 6 ya maji ili kupata asilimia 0.5, yenye asilimia 5 huhitaji mafungu 9. “Kifuniko kimoja kwa ndoo” si kipimo.

Takasa nalo limepanuka mno. Kitakasa mikono limekubalika Tanzania, na Kenya wana kieuzi, tuyaache yalivyo. Lakini sakafu husafishwa kwanza kwa sabuni, kwa kuwa uchafu huipunguzia klorini nguvu, ndipo viini vikauawa na kiuaviini kikaachwa kwa muda ulioelezwa. Anayeandika “takasa sakafu” ameziunganisha kazi mbili, na muda wa kungoja ameusahau.

Hatudai kwamba istilahi peke yake huokoa watu. Marekani, ambako lugha ya umma ina maneno mbalimbali kwa dawa na kiuaviini, watu wazima 502 waliulizwa mwezi wa Mei 2020 kuhusu usafi wa nyumbani. Asilimia 39 walikuwa wamefanya angalau jambo moja la hatari. Asilimia 19 walikuwa wameosha vyakula kwa maji ya klorini, na takriban asilimia 4 walikuwa wameyanywa au kuyasukutua yakiwa yamezimuliwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa wenye maneno mawili, sisi tunaotumia moja tuna haki ya kuwataka wafasiri wa idara za afya waanze na kibandiko cha chupa.