Maili Elfu Sitini za Dada

Mwaka jana dada yangu, mkulima wa Kintinku, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikwenda Uholanzi kumwona mjukuu aliyezaliwa huko, akakaa miezi miwili, akarudi kuwahi kuandaa shamba. Tiketi yake haikulipiwa nauli kamili. Binti yake, mpwa wangu, aliikata kwa maili.

Habari hiyo ilipofika kijijini iligeuka kuwa "amepewa tiketi ya bure". Vijana watatu wenye ndugu nje ya nchi walinifuata kuuliza hiyo bure inapatikanaje. Niliwaahidi hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo hii. Bei za tiketi nimeziweka kwa namba nzima ili ziwe rahisi kufuatwa. Kanuni za mpango wenyewe ni kama zilivyo.

Mpwa wangu husafiri na KLM, inayotua Kilimanjaro na Dar es Salaam, na maili zake huingia kwenye Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Zamani mpango huo ulihesabu umbali: ukiruka mbali, unapata nyingi. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 unahesabu pesa. Mwanachama wa ngazi ya kwanza, anayeitwa Explorer, hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli. Wa Silver hupata 6, wa Gold 7 na wa Platinum 8. Kodi na ada za viwanja haziingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo tiketi ya euro 900, ambayo ndani yake nauli halisi ni euro 600 na zilizobaki ni kodi na ada, inamletea maili 2,400. Basi.

Tiketi ya mama yake ilihitaji maili 60,000, kwenda na kurudi. Gawanya 60,000 kwa 2,400: safari 25. Mtu anayekuja nyumbani mara moja kwa mwaka angengoja miaka 25 ili kumleta mama mara moja, na mjukuu angekuwa naye anatafuta mchumba. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani maili zinatoka angani. Kwa msafiri wa kawaida, kuruka peke yake hakujazi debe.

Zilitoka wapi, basi? Zilitoka dukani. Uholanzi kuna kadi za American Express zenye jina la Flying Blue. Chakula cha wiki, bima, mafuta ya gari, umeme, kila anachonunua kwa kadi hiyo kinamwongezea maili, na siku ya kujiunga alipewa maelfu kwa mkupuo. Aliilipa kadi yote kila mwezi bila kuacha deni. Nalisisitiza hilo kwa sababu riba ya mwezi mmoja au miwili inatosha kumeza faida ya mwaka mzima. Kadi yenyewe nayo ina ada ya mwaka, na ada hiyo lazima iingie kwenye daftari.

Kwa nini kampuni igawe tiketi kwa mtu anayenunua vitunguu? Kwa sababu maili ni bidhaa. American Airlines ilipoanzisha AAdvantage mwezi Mei 1981, nia ilikuwa kumfanya abiria asihame. Baadaye mashirika yakagundua kwamba maili zinaweza kuuzwa kwa benki, na benki zikazigawa kwa wateja wenye kadi. Biashara hiyo ikakua hata United, korona ilipofunga anga mwaka 2020, iliweka mpango wake wa MileagePlus rehani na kupata mkopo wa mabilioni ya dola. Kwetu pesa nyingi hupita kwenye simu, wala si kwenye kadi za mkopo, na ndiyo maana kijana wa Kintinku hawezi kuiga njia ya binamu yake wa Uholanzi hatua kwa hatua. Anachoweza ni kumwelekeza ndugu aliye huko afanye hesabu vizuri.

Tuingie kwenye hesabu yenyewe. Tiketi ya mama kwa fedha ilikuwa euro 900. Kwa maili ilidaiwa maili 60,000 pamoja na euro 350 za kodi na ada. Ndiyo, hizo hulipwa hata kwenye tiketi ya maili. Ada ya huduma ya abiria hapa kwetu kwa safari ya kimataifa, dola 40, imo humo, na ada za shirika lenyewe mara nyingi zimo pia. Anayesema tiketi ilikuwa bure hajaangalia mstari huo.

Toa 350 kwenye 900, zinabaki 550. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na maili. Lakini kuna kitu kingine cha kuhesabu: angelipa fedha, angepata maili 2,400. Kwa hiyo amezitoa 60,000 na amezikosa 2,400, jumla 62,400. Gawa 550 kwa 62,400, unapata senti 0.88 ya euro kwa kila maili moja. Namba hiyo iandike ukutani. Shirika likikutangazia kuuza maili kwa senti 2, wewe unajua zinafanya kazi ya senti 0.88. Ukipewa nafasi ya kuzibadilisha kwa birika au begi dukani kwao, hesabu bei ya birika hilo hilo Kariakoo na ugawe kwa maili wanazotaka. Nilizohesabu mimi ziliangukia chini ya nusu senti.

Mpwa wangu hakukubali 0.88. Flying Blue hutoa kila mwezi orodha ya safari zenye punguzo la maili, huziita Promo Rewards. Bei zake za maili hupanda na kushuka siku kwa siku, hazina jedwali la kudumu, kwa hiyo mwenye subira na tarehe zinazolegea ndiye anayefaidi. Mama hakuwa na haraka, ila alitaka kurudi kabla ya mvua. Mpwa wangu alingoja hadi ikatokea safari yenye punguzo la robo: 60,000 zikawa 45,000. Rudia hesabu: 550 kwa 47,400, unapata senti 1.16. Maili 15,000 zilizosalia zimebaki kwenye akaunti. Hakuna hila hapo. Ni kungoja miezi minne na kufungua ukurasa ule ule kila tarehe ya kwanza.

Kuna faida moja ambayo kikokotoo hakiioni, nayo kwa watu wa kwetu huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Viza. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na mkulima asiye na taarifa nene za benki hana uhakika wa jibu. Tiketi ya fedha ya bei ya chini kabisa kwa kawaida nayo hairudishwi. Tiketi ya maili, kwenye mipango mingi, unaweza kuifuta kabla ya safari: unalipa ada, maili zinarudi kwenye akaunti na kodi zinarudishwa. Kwa hiyo mpwa wangu aliikata mapema punguzo lilipotokea, huku maombi ya viza yakiwa bado mezani. Viza ingekataliwa, angepoteza ada ya kufuta, si euro 900. Soma masharti ya mpango wako kabla ya kutegemea jambo hili, ila usiliache nje ya mizani.

Sasa safari ya nchi kavu, kwa sababu Kintinku haina uwanja wa ndege. Ina stesheni ya Reli ya Kati, ile waliyoijenga Wajerumani ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ina barabara ya lami ya kwenda Dodoma. Mpwa alitaka kutumia maili nyingine kumkatia mama ndege ya Dodoma hadi Dar es Salaam kwenye shirika jingine alilokuwa na akiba kwake. "Mjomba, si zimekaa tu? Afadhali mama asichoke."

Nilimwonea huruma dada pia, lakini niliomba tupime. Tiketi ile ya ndege kwa fedha ilikuwa kama shilingi 250,000. Kwenye karatasi, maili zile zilionekana kufanya kazi ya 250,000. Je, bila maili dada angelipa 250,000? Hapana. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na nauli ya daraja la kawaida hadi Dar es Salaam ni shilingi 31,000. Angepanda treni. Kwa hiyo maili zile zingemwokolea 31,000, wala si 250,000. Thamani ya maili hupimwa kwa pesa ambayo ungeitoa kweli mfukoni, na bei iliyoandikwa kwenye tangazo haikuhusu kama usingeilipa. Wachambuzi wengi wa Ulaya na Marekani hulisahau jambo hili. Wanahesabu tiketi ya daraja la kwanza ya dola 8,000 waliyoipata kwa pointi na kusema wameokoa dola 8,000, na wasingeinunua maishani.

Dada alipanda basi hadi Dodoma, kisha treni. Alifika Dar es Salaam akiwa na nguvu za kutosha kulalamika kwamba hakuona kitu dirishani kwa mwendo ule.

Akiba ile ya shirika jingine ina historia ya uchungu. Miaka ya mwanzo mpwa wangu alisafiri na shirika hilo mara nne, na safari tatu hazikuingizwa kwenye akaunti yake. Pasipoti yake ina majina matatu. Wakala aliyemfungulia uanachama aliandika mawili. Mfumo ulipolinganisha jina la tiketi na jina la mwanachama, ukaona ni watu wawili, ukakataa. Kudai maili zilizokosekana inawezekana, mara nyingi ndani ya miezi 6, ukiwa na namba ya tiketi na kadi ya kupandia ndege. Alikuja nyumbani kuzitafuta. Kadi moja ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha mama yake, ikitumika kuwekea alama ukurasa. Karatasi hizo huchapwa kwa joto, hazina wino. Kwa jua la Kintinku ilikuwa imebaki nyeupe, ukiigeuza kwenye mwanga unaona kivuli cha herufi mbili. Piga picha kadi yako siku ile ile, kabla hujatoka uwanjani.

Uhai wa maili nao unatofautiana. Za Emirates Skywards huishi miaka 3 na kufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Za Qatar Airways, ambazo tangu Machi 2022 huitwa Avios, huhesabiwa miezi 36 na huhuishwa kila akaunti inapotumika. Flying Blue huwapa wa ngazi ya kwanza miezi 24, na safari moja inayostahili huzirefusha zote. Tena shirika lenyewe linaweza kufa. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, mpango wake wa topbonus ulifuata siku chache baadaye, na maili za watu zikafa nao. Uwele ulio kihengeni una bungua. Usiweke akiba ya miaka kumi.

Wenye familia kubwa waangalie mipango inayochanganya akaunti. Emirates huruhusu hadi watu 8 wa familia kukusanya pamoja. Ndugu watano walioko Ghuba, kila mmoja na vijimaili vyake visivyotosha hata nusu tiketi, wakiunganisha wanaweza kumsafirisha mzazi. Na miungano ya mashirika nayo inasaidia: Ethiopian iko Star Alliance tangu 2011, Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010, Qatar iko Oneworld, na Oman Air imejiunga nayo Juni 2025. Safari ya Muscat na ya Doha leo zinaweza kuingia kwenye mfuko mmoja. Air Tanzania haimo kwenye muungano wowote kati ya hiyo.

Hoteli nitazigusa kidogo, kwa ajili ya wanaokwenda semina. Pointi za hoteli hazilingani: mwanachama wa kawaida wa Hilton au Marriott hupata pointi 10 kwa kila dola, wa Hyatt hupata 5, lakini 5 za Hyatt kwa kawaida hununua zaidi ya 10 za wenzake. Usihesabu wingi. Ukikata chumba kupitia tovuti ya wakala, mara nyingi hupati pointi, na semina inayolipiwa kwa ankara moja mara nyingi haiingizi kitu. Ukiwa na pointi za kutosha, Marriott hukutoza pointi za siku nne tu ukilala siku tano mfululizo. Na kama chumba kimelipwa kwa fedha ya umma, uliza ofisini pointi ni za nani kabla ya kuziweka kwenye jina lako.

Mpwa wangu ana maili 15,000 na safari nyingine ya nyumbani Desemba, itakayozihuisha kwa miezi 24. Wale vijana watatu niliwapa kazi moja: wawaombe ndugu zao picha ya ukurasa wa akaunti ya maili na picha ya pasipoti, walinganishe majina. Wawili wamekuta hayalingani. Angalia na la kwako leo.