Chumvi Kwanza, Rangi Baadaye

Yule mzee hakuanza kwa rangi. Alianza kwa maji. Alikuwa ameketi juu ya kigoda chini ya mkwaju, si mbali na barabara ya Likoni inayoteremka kwenda feri, na mbele yake rimu ya pikipiki imelazwa juu ya gunia. Kando yake zilikuwapo ndoo mbili za maji ya kisima. Aliisugua rimu kwa kitambaa, akaimwagia maji, akaisugua tena, akakamua kitambaa, akarudia. Kijana mwenye pikipiki alikuwa akitazama simu kila dakika. "Mzee, si uipige thina tu tuendelee?" Mzee hakumjibu. Aliiacha ikauke juani, akapitisha kidole ndani ya ukingo pale tairi inapokalia, kisha akakipeleka ulimini. Akatema pembeni.

"Bado ina bahari, mwanangu," akasema, na akaivuta ndoo ya pili.

Nimeona mafundi wengi wa rangi, Kisauni hadi Changamwe, lakini hakuna aliyenifunza jambo kubwa kwa ishara ndogo kama ile ya kidole na ulimi. Thina huondoa grisi, lakini chumvi haiiwezi. Chumvi huyeyushwa na maji, basi. Ukiipiga msasa rimu yenye chumvi, unaishindilia chumvi ndani ya vitundu vya chuma, kisha unaifunika kwa rangi nzuri yenye kung'aa. Chumvi huko chini haifi. Huuvuta unyevu taratibu kupitia rangi yenyewe, na baada ya miezi michache malengelenge yanatokeza kama ya mtu aliyeungua. Mwenye pikipiki hulaumu rangi, na rangi haina kosa. Mzee alijifunza hayo ujanani akikwangua meli gudini, ambako chuma huoshwa na kupimwa chumvi kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Gudini wana vifaa vya kupimia. Yeye alibaki na ulimi wake.

Bara ya Mombasa si mahali pa kufanyia rangi mzaha. Likoni, bahari hukufuata hadi chini ya tairi: bamvua likijaa, njia ya kuingilia feri hulowa, na kila boda boda anayeshuka na abiria wake huondoka na maji ya chumvi kwenye spoki. Changamwe kuna kokoto zinazorushwa na malori ya makontena yanayotoka bandarini, na kila kokoto ni jeraha kwenye ukingo wa rimu. Kisauni, masika yakishuka, madimbwi ya vichochoroni hufunika nusu ya gurudumu. Nayo kaskazi ikija, umande wake wa chumvi hutua usiku kucha juu ya chuma kilicholala nje.

Wazee wetu wa pwani waliijua vita hii kabla ya pikipiki. Mafuta ya papa waliyoyapaka mbao za jahazi waliyaita sifa, neno lile lile la kumtukuza mtu. Sehemu ya chombo inayozama ilipakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Maji yakitoka, chombo kilikalishwa pwani, kikakwanguliwa, kikapakwa upya, na baada ya muda kikarudishwa tena pale pale. Hakuna nahodha aliyetarajia kupaka mara moja akasahau. Siku za kupaka alizijua kama alivyozijua siku za bamvua.

Pikipiki zilipokuja kwa wingi, hasa baada ya serikali kuondoa VAT mwaka 2008 kwa zile zenye injini ya chini ya sisi 250, kazi ya mzee iliongezeka hadi akawa na foleni. Mimi nilikuwa katika foleni hiyo. Rimu zangu zilikuwa za chuma, kromu imebanduka, na kutu imeshika kila shina la spoki. Alinizuia nazo siku nne. Ya kwanza ilikuwa ya maji na msasa. Ya pili ilikuwa ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, aliyoipaka kwa brashi iliyolika, akiizungusha kwenye kila kichwa cha spoki, vyote 36 vya kila rimu, kimoja baada ya kimoja, kama anayempaka mtoto dawa ya jicho. Ya tatu hakufanya kitu. Nilipomuuliza alinitazama kwa mshangao: "Nangoja ikauke. Nawe waona nimekaa bure?" Ya nne akapuliza nyeusi, mara mbili nyembamba, akaacha nafasi kati yake.

Nikadhani amemaliza. Akalirudisha gurudumu kwenye uma wa pikipiki, akatoa mfukoni brashi ya manyoya machache, akaichovya kwenye kopo la manjano. Kifundo cha mkono akakiegemeza kwenye chuma cha uma, ncha ya brashi ikaigusa rimu, kisha kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akalizungusha gurudumu. Mkono wenye brashi haukusogea hata unywele. Gurudumu ndilo lililokuja kuchukua mstari wake. Lilipotimiza mzunguko, mwanzo wa mstari ukakutana na mwisho wake, na sikuweza kupaona palipoungana. Wapita njia wawili walisimama. Mtoto mmoja akaomba azungushe yeye, na mzee akamruhusu, kwa gurudumu la nyuma.

Siku hizi kijana akipeleka rimu zilizochakaa huulizwa swali ambalo halikuwapo: rangi, au unga? Unga huo ni teknolojia iliyoanzia Ujerumani miaka ya 1950, na sitaki kuusingizia. Ukifanywa inavyotakiwa ni kazi ya kuheshimiwa. Chuma hukwanguliwa kwa mchanga unaorushwa kwa shinikizo hadi kibaki kitupu, unga mkavu wenye chaji ya umeme hupulizwa ukanata, kisha kitu chote huingizwa kwenye tanuri la nyuzi karibu 200 kwa dakika kati ya 10 na 20. Unga huyeyuka na kuwa ngozi moja, ngumu, iliyoenea sawasawa, isiyochubuka ovyo. Kwa rimu za aluminiamu zisizo na spoki, mikononi mwa fundi mwaminifu asiyepitiliza moto, ningekuwa wa kwanza kuukubali.

Rimu ya spoki ni habari nyingine. Ili unga uingie kwa haki, gurudumu lazima lifumuliwe: spoki zote zitoke, beringi zitoke, kisha baada ya tanuri lifumwe upya na kunyooshwa hadi liache kuyumba. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na wengi hawataki kuilipia wala kuifanya. Basi gurudumu huingizwa zima, spoki na vichwa vyake hugandishwa pamoja chini ya ngozi ile ile, na siku ya kwanza ya kukaza spoki, ngozi hupasuka pale pale kwenye shina. Asiyeziba sehemu inayobanwa na ekseli huacha unga mnene katikati ya vyuma viwili. Unga huo husogea taratibu chini ya mbano, na nati iliyokazwa jana huwa imelegea. Kwa mtu anayebeba mama na mtoto kupitia barabara ya malori, hilo ni jambo la roho.

Lakini lalamiko langu kubwa ni jingine. Rangi ikijeruhiwa husema. Kokoto ikigonga, utaona kidoa chekundu cha kutu asubuhi ya pili, nawe utachukua msasa na brashi ukakifunga. Ngozi ya unga hunyamaza. Chumvi ikipata upenyo mmoja, kutu hutambaa chini kwa chini, na juu panabaki kung'aa hadi siku ngozi inapobanduka kipande kizima kama ganda la muhogo. Wala huwezi kuitia kiraka kikashikana sawasawa. Ni kukwangua na kuanza upya. Nilichokuja kugundua ni kwamba wengi wanaochagua unga hawauchagui kwa ubora wake. Wanauchagua ili wasiziangalie rimu tena. Wanataka chuma kiishi kando ya bahari bila mtu wa kukitunza, na fundi asiyepima chumvi huwauzia hiyo ndoto kwa nusu siku.

Kwa rimu za spoki za pikipiki inayovuka Likoni kila siku, mimi nachagua rangi ya mkono, na ningeichagua hata kama ingekuwa ghali kuliko unga.

Mkwaju ungalipo. Mara ya mwisho nilipopita, chini yake palikuwa na meza ya helmeti, na kando yake kamba iliyotundikwa stika za kubandika rimu, za manjano, nyekundu na kijani, zilizokatwa tayari kwa duara. Niliuliza habari za mzee. Kijana muuzaji hakumjua. Nilitoa moja ya zile stika kwenye kamba na kuitazama kwa karibu: inaanza mahali na kuishia mahali, na pale inapokutana pana pengo la upana wa ukucha.

Wewe unayeendesha boda boda upande huu, kabla hujauliza bei ya rangi wala ya unga, fanya jambo moja kwa ajili yangu. Ukiteremka feri siku ya bamvua, tafuta maji ya kisima, osha rimu zote mbili, zikaushe juani, kisha pitisha kidole ndani ya ukingo ukionje. Ikiwa bado ina bahari, osha tena.