Muzee Dieng si mjinga

Wandugu, wakati tuliangalia filme Mandabi pamoja, wengi tulicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini kiisha kusoma maoni mengine hapa, eti "ni filme juu ya muzee asiyesoma", nimeona sitanyamaza.

Kwa wale hawakuiona: Ousmane Sembène wa Senegal aliitengeneza mwaka 1968, kufuatana na kitabu chake mwenyewe cha 1966, Le Mandat. Watu wanaongea Wolof. Ibrahima Dieng, muzee wa Dakar, wake wawili, kazi hana, anapokea mandat ya franka 25 000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Franka 2 000 ni zake, 3 000 za mama ya kijana, 20 000 ni za kuchunga. Posta inamuuliza kitambulisho. Hana. Kwa kitambulisho inafaa picha, timbre na cheti cha kuzaliwa. Kwa cheti, tarehe kamili ya kuzaliwa. Feza iko pale tu nyuma ya dirisha, na deni la mchele linapanda, juu bibi zake walikopa dukani siku ileile barua ilifika.

Sasa mnasema: angekuwa amesoma, hayo hayangemfikia. Sikubali.

Mimi nilikuwa na diplome wakati nililipwa kwa sheki, dola 170, kazi ya mwezi mzima ya kutafsiri. Waliandika jina na prenom, wakasahau postnom. Kwa kadi yangu ya uchaguzi postnom iko. Mwenye kukaa dirishani akasema hawa ni watu wawili. Nikarudisha. Sheki ya pili: tarakimu 170, maneno "cent soixante". Kanuni ya sheki, ile ya Geneva ya 1931, inasema maneno ndiyo yanashinda tarakimu, kwa hiyo hata sheria ingeninyima dola 10! Banki haikubishana, ilikataa tu. Ya tatu iliandikwa vizuri kabisa, lakini walipitisha mistari miwili juu yake. Mistari ile ni kusema sheki haitoki mkononi, inaingia kwa konti tu. Konti sikuwa nayo. Basi nikaigeuza, nikaandika mgongoni ilipwe kwa ordre ya rafiki mwenye konti, nikatia sinyatire. Akaniletea dola 90 na hadithi ndefu.

Ni pale nilielewa Mbaye. Katika filme, Mbaye ndiye ndugu aliyesoma, mwenye suti, anayejua milango yote ya biro. Muzee akiisha kuchoka anamtilia sinyatire kwa prokurasiyo. Mbaye anachukua feza, anarudi kusema mwizi amemuibia, anamuachia Dieng mfuko wa mchele. Hapigi mtu, hatishi mtu. Karatasi yake iko sawa, kama vile sheki yangu ilikuwa sawa mgongoni. Tulicheka Dieng jioni nzima, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza Mbaye alisomea wapi.

Hiyo ndiyo nguvu ya filme kwangu: Sembène haonyeshi muzee kama mtakatifu. Dieng anajivuna, anakula sana, anafokea bibi zake wanaomshinda akili. Na kwa kinyozi, pale mwanzo, tunamwangalia akinyolewa mpaka ndani ya pua, pole pole, mpaka unasikia haya kwa ajili yake.

Mwisho ndio umenikosea. Mwenye kuleta barua anakuja kutoa mafundisho juu ya kugeuza inchi, kama vile mwenye filme aliogopa hatukuelewa. Tungeachwa na ule mfuko wa mchele.

Na wewe uliyeandika kwamba "leo kuna simu, mambo ya karatasi yamekwisha": uliza mama yako simu yake iliandikishwa kwa jina la nani.