Kilio Kisicho na Maneno: Wapiga Gitaa Watatu wa Bluzi

Wapo wachungaji ambao, wakisikia neno bluzi, hufikiri mara moja juu ya kilabu cha pombe. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwa maana muziki huu ulikua kwa sehemu kubwa katika nyumba za dansi za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Hata hivyo twathubutu kuupendekeza, hasa kwa wanafunzi wanaojiandaa kuzika wafu na kuketi pamoja na wafiwa. Wamo humo wapigaji walioishughulikia huzuni kwa uaminifu kuliko mahubiri mengi ya msibani.

Wa kwanza ni Blind Willie Johnson, kipofu wa Texas, aliyerekodi nyimbo 30 kwa kampuni ya Columbia kati ya 1927 na 1930. Kwa upande wa maneno yeye hakuimba bluzi kamwe. Nyimbo zake ni za dini. Lakini mkono wake juu ya gitaa ni wa bluzi kabisa. Badala ya kukandamiza nyuzi kwa vidole, aliteleza juu yake kwa kitu kigumu (kama kilikuwa kisu au shingo ya chupa, wajuzi hubishana), hata sauti ikapanda na kushuka kama ya mtu aliaye.

Tarehe 3 Desemba 1927, mjini Dallas, alirekodi “Dark Was the Night, Cold Was the Ground”. Jina hilo latoka katika wimbo wa kanisa wa karne ya 18 juu ya Bwana Yesu katika Gethsemane. Johnson aliyaacha maneno yote. Hutamka mguno tu. Gitaa lauliza, koo lajibu, na pale koo linaposhindwa gitaa lamalizia. Yote hayo hayafiki hata dakika nne. Tukisoma Warumi 8:26 baada ya kuisikiliza santuri hii, twaelewa kwamba Paulo hakuwa akipamba lugha. Wengi hupenda kusimulia kwamba mwaka 1977 wimbo huu ulirushwa angani pamoja na vyombo vya Voyager. Ni heshima kubwa kwa mtu aliyekufa maskini huko Beaumont mwaka 1945, ingawa haitusaidii sana kuusikiliza.

Mwanatheolojia James Cone, katika kitabu chake cha 1972 juu ya nyimbo za kiroho na bluzi, alizihesabu hizi mbili kuwa ndugu waliozaliwa na mateso yale yale. Hoja yake ina nguvu. Ila yeye alichunguza zaidi maneno yaliyoimbwa, na kwa Johnson maneno hayapo; theolojia, kama ipo, imo katika mtelezo wa nyuzi.

Son House ni mtu wa namna nyingine. Alihubiri katika kanisa la Kibaptisti tangu ujana wake, kisha akavutwa na gitaa, na mvutano huo haukumwacha. Katika “Preachin’ the Blues” ya 1930 amcheka mtu atakaye uhubiri ili aepuke jasho. Wachungaji wenzetu wasikasirike upesi; anayechekwa ni yeye mwenyewe pia. Mwaka 1964 vijana wapenzi wa muziki walimkuta Rochester, New York, akiwa ameliacha gitaa kwa miaka mingi, na mwaka uliofuata akarekodi upya. Mapigo yake ni mazito, hayana urembo, na pengine yanakwaruza. Humo imo “Grinnin’ in Your Face”, aimbayo bila chombo chochote, kwa makofi tu. Tungependa kwaya zetu, zinazokimbilia vipaza sauti kabla ya kujifunza wimbo, ziisikie.

Mchungaji Gary Davis, kipofu kutoka South Carolina, alihubiri na kupiga gitaa katika mitaa ya Harlem. Kwa ufundi awapita wote wawili, ingawa alitumia kidole gumba na cha shahada tu. Msikilizaji hudhani wapo wapigaji wawili. Sauti yake hufoka mno mahali pengine. Lakini “Death Don’t Have No Mercy”, katika santuri yake ya 1960 iitwayo Harlem Street Singer, yaingia nyumba moja baada ya nyingine pamoja na mauti, wala haiharakishi kutoka. Mwanafunzi atakaye kuanza, na aanze na huu, kisha arudi kwa Johnson usiku, peke yake.