Jina Ambalo Mwana Kupona Hakulitoa

Msomaji wa Bute, kule Wajir Kaskazini, hana rafu ya vitabu adimu ya kupekua. Ngamia wa maktaba walioanza safari zao Garissa mwaka 1996 hawakubebeshwa miswada ya Pate. Akitaka tungo kongwe za Kiswahili ana simu tu, na kwenye simu mlango ni jina. Andika jina ambalo mkatalogi hakuliandika, basi kitabu hakipo. Kwa hiyo huyo mkatalogi ni mhakiki, apende asipende.

Chukua utenzi wa Mwengo wa Athumani, wa mwaka 1728. Wengine wanauita Utenzi wa Tambuka, wengine Chuo cha Herekali. La kwanza linakupeleka Tabuk, vitani. La pili linakuweka mbele ya mfalme wa Rumi. Hadithi ni ileile, ila ushaambiwa umtazame nani. Halafu kuna hati ya Kiarabu, isiyotofautisha vizuri e na i: anayeihamishia Kilatini lazima aamue sauti mwenyewe. Wasomali wanalijua hilo. Hassan wa kitambulisho ni Xasan kwenye tahajia ya 1972.

Kinachoniudhi hasa ni ya Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapa utenzi huo kwa jina la Kiingereza, ati ushauri wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Wajibu wa mke tu? Mume yumo, tena sana, sikatai. Lakini soma mpaka mwisho ukutane na dua ndefu za mama anayejua anaondoka. Jina lile limeshamfanya mwalimu wa ndoa kabla hujafungua ukurasa.

Kanuni ya vitabu adimu iko wazi: nakili jina kama lilivyochapwa, hata kama tahajia ni ya ajabu, pasipo na jina, tunga lako ulitie kwenye mabano ya mraba, ijulikane ni lako. Napenda mabano hayo. Werner na Hichens hawakuwa nayo kwenye jalada.

Basi rekodi ya chapa ya 1934 ibaki na Kiingereza chake. Ila iongezewe Utendi wa Mwana Kupona kama jina la kutafutia, na Utenzi pia, maana kijana wa Bute aliyefunzwa Kiswahili sanifu ataandika z.